Soketi Moja ya Saluni

Leo nimechomoa simu ya Neema kwenye chaji, makusudi kabisa.

Tunasuka naye saluni moja hapa Sokon One, na soketi ni moja tu.

Wiki iliyopita alichomoa yangu akachomeka yake. Yangu ikazima huku mama akiwa chumba cha upasuaji hospitali ya Nkoaranga na ndugu wananitafuta.

Leo yeye alikuwa anasubiri simu ya hoteli alikoomba kazi. Ikazima.

“Nani kachomoa simu yangu?”

“Mimi.”

“Si ulijua nasubiri kupigiwa?”

“Na wewe ulijua nasubiri habari za mama.”

Ndipo akauliza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, “Mama anaendeleaje?”

Nikamwambia ameshatoka hospitali.

Simu yake sijairudisha kwenye chaji.

Jamani, nimezidisha?