Pasi ya Fundi Cherehani

Shangazi yangu hutengeneza pasi, birika na majiko ya umeme, na mtaa mzima unamwita Bi Wati. Tumepanga chumba kimoja cha biashara: upande wa dirishani ni yeye na koleo zake, upande wa mlangoni ni mimi na mashine yangu ya fotokopi. Kati yetu hakuna hata pazia, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na asije mtu kuniambia ni umbeya.

Kifaa chochote anachokitengeneza hakitoki kabla hajakipima. Anachomeka, anasoma mita: volti ngapi zinasukuma, ampea ngapi zinapita. Volti akizigawanya kwa ampea anapata ukinzani, ambao yeye huuita ubishi wa waya, na huuhesabu kwa omu. Volti akizizidisha kwa ampea anapata wati, yaani ukali wa moto wenyewe. Hesabu zote huzifanya kichwani huku akinisema kwamba nimekonda. Ni mjane mwenye ulimi mkali, na ukimpa pole ya upweke atakuuliza wewe mumeo yuko wapi. Mimi sijaolewa, kwa hiyo nilishaacha kumpa pole.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alileta pasi yake mara ya kwanza ikiwa imekufa kweli. Shangazi akaunga waya wa ndani, ule unaotoa moto, akapima: volti mia mbili arobaini, ampea nne. Omu sitini, wati mia tisa sitini, pasi yenye adabu zake. Yule baba hakuondoka. Aliisifia meza, akalisifia dirisha, akaisifia hata mashine yangu ya fotokopi, ila mwenye kusifiwa hakumsifia. Ana domo zito, maskini.

Wiki iliyofuata pasi ikafa tena, na iliyofuata vilevile. Nikamwambia shangazi kwamba mtu huyu anatuchezea. Akanijibu kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, akaendelea kukaza skrubu. Alikuwa anajifanya hamnazo, na mimi nilijua, maana siku za pasi alikuwa anavaa hereni.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni, lakini binamu yangu, mwanawe wa pekee, akapiga simu kusema kwamba Jumamosi anakuja na gari la mizigo kumchukua mama yake wakaishi wote mji mwingine. Shangazi hakutaka kwenda, ila hakuwa na sababu ya kubaki ambayo angeweza kuitamka. Sababu yenyewe ilikuwa inavuka barabara kila wiki na pasi kwapani, haifungui mdomo. Nilitamani kuishika mabega niitikise.

Alhamisi fundi akaja mbio, pasi kwapani na suruali mkononi, jasho linamtiririka. Safari hii pasi haikufa, iliunguza. Suruali ya mwalimu mkuu wa shule ilikuwa na tundu la umbo la pasi kwenye makalio, na mwenyewe alikuwa anaingoja kule dukani amejifunga kipande cha kitambaa cha mapazia.

Shangazi akachomeka, akasoma mita. Volti zilikuwa zilezile, lakini ampea zilikuwa sita.

"Omu arobaini," akasema. "Zilikuwa sitini. Na wati zimepanda mpaka elfu moja mia nne arobaini. Theluthi ya waya haipo, fundi mwenzangu, na panya hali waya."

Yule baba akanitazama mimi, akatazama dari, mwishowe akakiri. Kila wiki alikuwa anaifungua pasi nyumbani na kukata kipande cha waya, apate kisingizio cha kuja. Hakudhani kuna hatari. Aliona kwamba kitambaa ukikipunguza kinafunika kidogo, basi na waya ukipungua na moto utapungua. Nilicheka mpaka nikasahau mteja. Waya ukiwa mfupi ubishi wake hupungua, umeme unapita kwa wingi na moto unazidi, lakini huyu anaipima dunia nzima kwa futi yake ya nguo.

Shangazi hakucheka. Alichomoa pasi kwenye umeme.

"Nilijua tangu wiki ya pili," akasema. "Kila nikipima, ampea zimepanda. Nikasema ngoja nione kipi kitaisha kwanza, waya au woga wako."

Kwa hiyo lile tundu la suruali lilikuwa na wazazi wawili. Kicheko kilinikauka. Kumbe mama wa watu naye alikuwa anangoja, na kwa jinsi alivyouviringisha ule waya wa pasi mkononi nilimwonea huruma.

"Mficha uchi hazai," akaendelea. "Ukikata tena utachoma nyumba, na Jumamosi mwanangu ananichukua. Una la kusema?"

Fundi akaikumbatia kifuani ile suruali iliyoungua.

"Usiende," akasema. "Baki, nikuoe."

Shangazi akachukua simu, akampigia mwanawe palepale mbele yetu. Akamwambia Jumamosi aje kama alivyopanga, ila gari la mizigo asilete, kwa sababu yeye haendi popote na kuna mzee mmoja ana maneno ya kumwambia. Kisha akaitazama ile suruali.

"Na tukishaoana," akamwambia fundi, "nguo zako uzipige pasi hukohuko dukani kwako."