Gogo la Fighi Ndani ya Tangi la Samaki

Cheka ukitaka, lakini hili lilitokea ndani ya nyumba yangu hapa Kaloleni, Voi, na mimi nilikuwa nimekaa pale na akili zangu zote. Sijasoma sana, niliishia darasa la tano, ila macho ninayo. Na aliyeniharibia maisha ana jina: Mwakio, kaka ya mke wangu.

Mke wangu, Mkawasi, alikuwa amepoteza mimba tena. Hapati usingizi, hali chakula. Siku moja akaona kwenye simu tangi la samaki lenye maji meusi kama chai ya strungi isiyo na maziwa, majani makavu chini, mizizi imejipinda, na visamaki vinawaka katikati kama makaa. Akaniambia, "Mzee, nataka hiyo." Ningekataa? Miezi mingi alikuwa hajataka kitu.

Fundi akatuundia kioo. Samaki tukaagiza Mombasa. Majani ya mkungu, yale yanayotia maji rangi, tulipewa na jirani yetu Bi Zuhura, ana mti uani. Likabaki gogo. Mwakio akasema, "Hilo niachieni mimi." Akarudi kutoka milimani na gogo la mzizi, jeusi, zuri ajabu. "Nimelitoa mtoni," akasema. Tukalichemsha kwenye sufuria ya pilau ili lizame, na lilipoingia tu, maji yakawa yale yale ya kwenye simu. Mkawasi akacheka. Niamini, nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Jioni hiyo tunakula pamoja na Mwakio, stima ikapotea. Mlango ulikuwa na komeo. Nilipowasha tochi ya simu, bibi kizee alikuwa amesimama kando ya tangi, kanga inachuruzika maji, ananuka udongo wa msituni. Utaniuliza aliingilia wapi. Hata mimi nakuuliza wewe.

"Nani amekupa hili?" akamuuliza mke wangu, kwa Kidawida kile cha zamani.

"Kaka yangu, nyanya. Amelitoa mtoni."

Bibi akacheka. "Mto gani una maji na jua hili?" Akamgeukia Mwakio. "Sema mwenyewe. Umelitoa wapi?"

Si angesema ukweli tu! Kwetu hata mtoto anajua fighi, ule msitu wa wazee ambao huokoti hata kijiti kikavu. Mwakio, mkono bado kwenye ugali, akajibu, "Nimeshasema, mtoni. Kwani wewe ni polisi?"

"Haya. Umechukua changu, na mimi nachukua chako." Akampapasa Mkawasi shavuni, polepole, kama anayempangusa mtoto. Stima ikarudi. Hakuna mtu. Sakafu imelowa, na komeo bado liko mahali pake.

"Ameenda wapi?" nikamuuliza mke wangu.

Akaniangalia kwa heshima. "Karibu, mgeni," akasema. "Unamtafuta nani?"

Mpaka leo hanijui, ndugu yangu. Hospitali nimempeleka, kanisani nimempeleka. Gogo nililirudisha fighi mwenyewe. Asubuhi nikalikuta ndani ya tangi. Wazee wa kwao wakaniambia ni lazima mkono uliolitoa ndio ulirudishe, na mwenye mkono aombe msamaha pale pale. Lakini Mwakio alishakimbilia Njukini, anauza maharagwe sokoni. Nikamfuata. Unajua alinijibu nini? "Shemeji, mimi nimeokoka. Mambo ya mizimu siyawezi." Ameokoka! Na dada yake je?

Wewe unayetamani tangi la maji meusi, weka. Ni zuri, sikudanganyi. Lakini gogo nenda ukaliokote mwenyewe, usikubali kuletewa. Na ukifika Njukini, ukamwona huyo Mwakio na magunia yake, mwambie hivi: jana dada yake alinipakulia chakula, akaniuliza kama mke wangu hajambo, kisha akanisihi nisichelewe kurudi nyumbani, mke wangu asije akawa ananingojea.