Tulivyomsamehe Meneja

Mimi ni mtu wa hasira. Sikuirithi kwa baba wala kwa mama, ni yangu mwenyewe, na imenigharimu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa fundi wa baiskeli pale Migori. Jumamosi ikifika nilifunga kibanda saa sita mchana, nikachukua debe langu, nikaenda uwanjani. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo za timu, kwa Kiswahili, maana tulikuwa watu mchanganyiko: Wajaluo, Wakuria, Waislamu wenye maduka, na hata Wasabato wawili watatu waliojifanya wanapita tu.

Meneja wetu alikuwa dresa wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda vya watu, na timu aliiendesha vivyo hivyo, bila makelele. Alisimama kwenye kona ya upande wa mto, kofia mkononi, na neno lake lilikuwa moja tu: "Tulieni!" Mchezaji wa wapinzani akiumia, ni yeye aliyekimbia kumfunga bandeji, nasi tukimzomea kwa mapenzi. Tulimpenda sana mtu yule. Naandika hivyo ingawa najua mimi ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote ya kulisema neno hilo.

Siku moja tulikwenda Homa Bay kwa lori. Tuliimba kuanzia Rongo mpaka tukaliona ziwa, tukashuka, tukapigwa tano bila. Ala! Tano! Sauti ilinikauka, debe nikalipiga teke. Hapo ndipo nilipomwona mtu mmoja wa kamati ya wenyeji, amevaa rangi zao, akimpitishia meneja wetu kikapu nyuma ya goli. Kikapu kimefunikwa majani ya mgomba, na mkia wa samaki, ngege wa ziwani, umechomoza. Meneja aligeuka huku na huku kama mtu anayeona haya, akakipokea, akakifunika kwa koti lake.

Hayo niliyaona. Laiti ningeishia hapo.

Njiani kurudi, meneja amekaa mbele na dereva, sisi nyuma, mtu mmoja akauliza kwa unyonge, "Yawa, jamani, tumefungwaje hivi?" Nikasema, "Muulizeni meneja amekula nini na wenyeji." Lori zima likanigeukia. Wote wananisikiliza mimi, na mtu wa hasira akisikilizwa hulewa. Nikaongeza, "Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia yule mtu, 'Asante, kazi imekwisha.'"

Sikusikia kitu. Nilikuwa mbali, na kelele za washindi zilikuwa za kuziba masikio. Maneno yale niliyatunga palepale ndani ya lori, mdomo umeitangulia akili.

Tulipofika Migori walimzunguka kabla mguu wake haujagusa ardhi. "Kikapu kimetoka kwa nani? Sema!" Wengine walikuwa wamekunywa, wanatukanana mama zao bila sababu. Meneja akakitazama kikapu, akatutazama sisi, akasema, "Siwezi kusema hapa." Basi. Kwa watu waliofungwa tano, hilo lilikuwa jibu tosha. Wiki iliyofuata kamati ikamwondoa, na wimbo wa kumwondoa, Mungu anisamehe, nilianzisha mimi.

Alirudi kwenye zahanati yake. Uwanjani hakukanyaga tena. Mara moja tu nilikutana naye ana kwa ana, spoku ya gurudumu iliponipasua kiganja. Alinisafisha, akanifunga polepole, akakata kitambaa kwa makasi. Kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Nilitoka pale nimekasirika, nikajiambia kwamba ni kiburi chake ndicho kinachoniudhi. Uongo mwingine huo.

Miaka miwili baadaye kichomi kikamchukua, siku nne tu.

Jumamosi iliyofuata kifo chake tulicheza, kwa sababu kamati ilisema ndivyo ambavyo angependa. Hakuna aliyesimama kwenye kona ya upande wa mto. Watu walijazana kila mahali, lakini pale nyasi zilibaki wazi, upana wa mtu mmoja. Mpira ulipoelekea huko winga wetu alisimama, akauacha utoke. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Alisema nitulie." Sikumcheka. Mimi mwenyewe nililisikia neno lile, mchana kweupe, na nililisikia tena siku nyingi nikiwa nimeinama juu ya gurudumu, nikageuka na kukuta barabara tupu. Niliogopa. Nilikuwa mwanamume mzima na niliogopa.

Siku ya matanga tulikwenda nyumbani kwake, mashabiki wote. Kwetu Wajaluo mwanamume akifa, watu hukimbia na mifugo na marungu mpaka nje ya boma, wakipiga kelele, kukifukuza kifo kisizoee mahali pale. Sisi tulikifukuza mpaka uwanjani. Tulikimbia na matawi na madebe, tukakisukuma kifo kuvuka mstari wa goli, watu wazima tunalia na kupiga mayowe. Kisha tukarudi kukaa uani, kila mtu akawa na hadithi yake juu ya meneja.

Watu wa Homa Bay nao walikuwa wamefika. Mmoja akaja kukaa karibu nami, nikamtambua mara moja: yule wa kikapu. Akanisalimu vizuri, akasema, "Marehemu alikuwa na bahati ya mkwe, ndugu yangu. Siku ile mlipokuja kwetu, mama mkwe wake alinituma nimpelekee samaki. Yeye mwenyewe angemkaribiaje? Alisimama mbali, amejifunika leso, anaitazama timu ya mkwewe. Alifurahi huyo mama, wacha tu!"

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda akapita porini. Na kumtaja mama huyo mbele ya wanaume wanaotukanana? Mwenye adabu angeona afadhali afukuzwe kazi. Na ndivyo alivyoona. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua heshima hiyo, na mimi sikuifikiria hata dakika moja.

Nikaona lazima nimsafishe leo, kabla watu hawajatawanyika na lile jina la mla rushwa. Nikasimama. "Jamani, nisikilizeni. Siku ile ya Homa Bay mimi sikusikia chochote."

Mzee mmoja shabiki, mwenye duka la nguo, akanishika mkono kwa upole. "Keti, ndugu yangu. Si wewe peke yako uliyesikia. Hata mimi nilikuwa karibu. Alisema, 'Asante, kazi imekwisha.'"

"Kweli kabisa," akadakia mwingine. "Na akampa mkono."

"Na akacheka," akasema wa tatu.

Watu hao siku ile walikuwa upande wa pili wa uwanja! Nikapaza sauti, "Niliyatunga! Nawaambia niliyatunga mimi!" Wakanitazama kwa huruma. Wakanong'onezana kwamba uchungu umenizidi. Mzee wa duka akainuka, akasema kwa sauti ya kanisani, ingawa hakuwa mtu wa kanisa, "Binadamu hukosa. Sisi mashabiki tumekwisha kumsamehe meneja wetu." Wakapiga makofi. Baadhi walilia machozi ya kweli.

Nje kidogo ya ua walikuwa wamemjengea mama mkwe kibanda, kwa sababu hata mkwe akifa heshima haifi. Alikuwa ameketi pale na wanawake wa kwao, mkongwe mwembamba. Sauti yake ikatoka kibandani. "Mmemsamehe nini?"

Wote wakanigeukia mimi, msemaji wao. Nikaenda nikapiga magoti mbali kidogo naye.

"Mama, hakukosa chochote. Walimfukuza kwa ajili ya kikapu cha samaki. Mimi ndiye niliyesema amehongwa."

Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari, tena niliitamani laana ile. Hakunitazama hata kidogo.

"Samaki wangu?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia binti yake, mjane, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa nyumba. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Basi ni mimi niliyemharibia mume wako."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Si wewe. Ni mimi." Nililisema mara tatu. Alikuwa hanisikii tena. Alijiinua kwa kushika nguzo ya kibanda, akajifunika uso, akauinamia umati wa mashabiki na madebe yao, akatuomba msamaha.

Na mmoja wetu, kwa moyo mweupe kabisa, akamjibu, "Tumekusamehe, mama."