Jiwe Chini ya Meza

Nilivunja sakafu ya chumba cha nyuma kwa nyundo ya jirani, mama akiwa sokoni. Nilitaka kufika kwenye jiwe. Hapa mtaani kwetu Ndosho hiyo si kazi kubwa: chini ya saruji nyembamba kuna changarawe nyeusi, na chini ya changarawe kuna lava iliyomwagika zamani ikapoa. Nyumba zetu za mbao zimesimama juu yake. Nilikua nikisikia watu wakisema ardhi yetu hailimiki lakini haididimii, nami nikaamini kwamba kitu kisichodidimia hakitikisiki. Nikajenga nguzo ya matofali juu ya jiwe lile, nikaweka ubao juu ya nguzo, nikajiona nina meza iliyotulia kuliko zote mjini.

Niliihitaji kwa sababu ya mwanga. Fundi wa simu wa barabara yetu alikuwa amenipa leza ya kijani aliyoitoa kwenye taa mbovu ya ukumbi wa harusi. Mwanga wa kawaida ukipita kwenye chai kavu, isiyo na maziwa, ukiuongeza maradufu, unaotokea upande wa pili nao huongezeka maradufu. Chai haijali. Lakini ukiukusanya kwa lenzi mpaka uwe nukta kali, chai inabadilika pale unapopita. Yenyewe inakuwa kama lenzi, inautawanya mwanga ule ule ulioibadilisha. Ili kulipima badiliko hilo, niliziba chai kati ya vioo viwili vyembamba, nikawa naisogeza kidogo kidogo kupita kwenye ile nukta. Mbele yake niliweka karatasi yenye tundu dogo, na nyuma ya tundu kipande cha sola kilichounganishwa na mita. Namba za mita hupanda, halafu hushuka, halafu hurudi zilipoanzia. Ukizichora unapata kilima na bonde.

Haya yote nilijifunza kwenye simu, kwa makala za Kifaransa na Kiingereza, nikirudia sentensi moja mpaka naona aibu mbele yangu mwenyewe. Kisha nilimwandikia mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha ng'ambo aliyekuwa akipokea vijana wachache kwenye maabara yake. Alijibu. Nitumie mchoro mmoja, alisema, uliorudiwa mara tatu ukatoka sawa, ndipo tuzungumze.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nukta moja ikitoka nje ya mstari, nilianza upya. Nilichana michoro ambayo mtu mwingine angeitundika ukutani. Nikila, nilikuwa nafikiria bonde. Nikiwa kanisani, nilikuwa nafikiria bonde.

Kisha vita vilishuka kutoka milima ya Masisi, na watu wakashuka mbele yavyo.

"Mama," mama yangu aliniambia, kama anavyoniita akitaka nisikatae, "mama mudogo iko njiani na batoto. Batalala mu chumba ya nyuma."

"Na meza yangu?"

"Meza haikimbiake vita. Itapisha batu."

Mama mdogo alifika na godoro kichwani na mtoto mgongoni, wengine wakimfuata wameshikana mikono. Mume wake alibaki na ng'ombe, hatukumuuliza zaidi. Siku ya pili aliinua blanketi nililotundika kuzunguka meza, akanikuta nimeinama.

"Sasa we unapikaka chai na tochi?"

"Sipiki, mama mudogo. Ninapima vile chai inajibu mwangaza."

"Na inajibu?"

"Inajibu vibaya."

"Basi ni chai ya hapa kwetu," alisema, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Niliwalaumu wao kwa mtikisiko wa namba: miguu yao, kikohozi chao, mlango wa mbao. Sikusema, lakini uso wangu ulisema, na mama mdogo akawa anawatoa watoto nje mchana ili nipate utulivu. Mchana mmoja walikuwa wote wamekwenda kuteka maji. Namba za mita zilikuwa zimetulia kabisa, kisha zikaruka. Niliduwaa. Baada ya kitambo nikasikia mshindo kutoka upande wa Lac Vert, ziwa dogo nje ya mji.

Ilijirudia, tena na tena. Namba, kisha mshindo. Jiwe langu lilikuwa linaleta bomu kabla hewa haijalileta. Nilikuwa nimevunja sakafu ili nikae juu ya kitu kisichotikisika, kumbe nimejifunga kwenye mwamba ule ule uliokuwa ukipigwa.

Mama mdogo alielewa kabla sijamaliza kueleza. Kuanzia hapo aliketi kando ya mita akichambua maharage. Namba zikiruka, anaanza Baba Yetu, polepole kama kanisani, na mahali mshindo unapomkuta ndipo anapojua wanaopiga wako mbali gani. Siku za mwanzo alifika "ufalme wako ufike." Watoto wakawa wanasubiri naye. "Imesema," wananong'ona. Mama yangu akirudi sokoni, swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo balifika wapi mu sala?"

Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuinyamazisha mita. Nilichukua mipira ambayo watu wa moto, wale wa pikipiki, hufungia mizigo, nikautundika ubao darini kwa kamba hizo, ukaning'inia hewani bila kugusa nguzo. Nikasubiri. Mshindo ulikuja, namba hazikuruka. Nilianza kusogeza chai, na jioni nilikuwa na kilima na bonde, laini, vinavyolingana pande zote. Nilikitazama kile kitu mpaka macho yakaniuma. Zilibaki mara mbili.

Asubuhi mama mdogo alikuja na maharage yake, akakaa, akasikia mshindo ambao hakuambiwa.

"Haisemi tena?"

"Nimeitenga na jiwe."

"Irudishe kwa jiwe, mwanangu."

"Mama mudogo, ile sala haizuii bomu."

"Haizuii. Lakini Masisi hakuna kitu ilituambia. Tuliona tu nyumba ya jirani imeenda."

Nilimwambia zimebaki mara mbili tu, siku mbili, nipe siku mbili. Hakubishana. Aliendelea kuchambua, kichwa kimeinama, akisikiliza sakafu kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Nilikata mipira. Niliurudisha ubao juu ya nguzo, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Sala ikawa inafupika. "Jina lako litukuzwe." Kisha "uliye mbinguni." Siku waasi walipoingia mjini, namba ziliruka, mama mdogo akasema "Baba," na mabati yakalia juu yetu. Hakuendelea. Tulilala chini wote, karibu na lile shimo la nguzo, mpaka umeme ukakatika na mita ikazimika.

Milio ilipopungua, zilianza habari za kusaka silaha nyumba kwa nyumba. Mama aliichukua leza mezani, akaigeuza: bomba jeusi, zito, lenye skrubu pembeni.

"Hii bakiiona, batasema ni ya bunduki. Wewe utabaeleza habari ya chai?"

Niliitumbukiza chooni mwenyewe. Barabarani askari waliokimbia walikuwa wametupa magwanda na mabuti. Mimi nilitupa ile.

Mtandao uliporudi nilimtumia mwalimu mchoro wangu mmoja na maelezo. Alijibu kwa upole. Mchoro ni safi, aliandika, lakini leza inayowaka bila kukoma huipasha chai moto, na ulichopima ni joto tu. Yeye alitafuta mwitikio wa haraka zaidi, wa dutu yenyewe, unaohitaji leza ya mapigo mafupi mno. Nikipata vifaa niandike tena.

Aya ya joto nilikuwa nimeisoma zamani, kwenye makala ya kwanza kabisa. Nilidhani inawahusu watu wasio makini.

Mama mdogo bado yuko hapa. Kambi ya wakimbizi imevunjwa, na Masisi hakurudiki. Mama aliniuliza kama tunaweza kubomoa nguzo na kuziba shimo, watoto wapate mahali pa kulala. Nikasema ndiyo. Nilikoroga saruji mwenyewe, nikaisawazisha kwa ule ubao wa meza. Haikukaa sawa. Upande mmoja umeinama, maji yakimwagika yanakimbilia huko, chini ya godoro. Watoto wamezoea, wanalisogeza tu. Mimi kila nikipita mlangoni naliona lile bonde, na sina cha kulipimia.