Hodi ya Mlango wa Mbele

Nakumbuka siku niliyoambiwa dirishani kwamba siwezi kurudi, kwa sababu sikuwa nimeondoka. Vumbi la Tunduma limenijaa puani, mwanangu, na bado nikacheka. Nilidhani afisa ananitania.

Nilikuwa kijana, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kitwe, Zambia. Nimezaliwa Nanyala, katikati ya mibuni, lakini mkono wangu ulipenda moto kuliko kahawa. Viza yangu ya kazi ilikuwa inakwisha, na tajiri wangu alikuwa amenipatia mpya.

"Toka nje ya nchi, kisha uingie upya kwa hii," aliniambia. "Ukichelewa, wapo wanaoitaka nafasi yako."

Nje ya nchi! Kwangu mimi nje ya nchi ilikuwa kwa Shangazi Sekela, dada yake baba, aliyeolewa Tunduma. Wewe unaijua Tunduma: mtu hununua unga upande huu, akasonga ugali upande ule. Nikashuka basi Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nikawafuata akina mama wenye ndoo za dagaa, nikapita uchochoroni kama nilivyozoea tangu utotoni. Pasipoti ilikuwa mfukoni, imelala usingizi wake. Mtoto akienda kwa shangazi yake, huko nako ni kusafiri?

Nikatokea uani, penye banda la kuku. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Salamu yangu hakuiitikia.

"Umetoka wapi wewe?"

"Kitwe, shangazi."

"Mtu wa Kitwe hatokei bandani kwa kuku. Zunguka mbele upige hodi, nikukaribishe kama watu wanavyokaribishwa."

"Jamani, mimi si mgeni!"

"Hata mwizi husema hivyo. Zunguka!"

Nikazunguka huku nikinung'unika. Nilipopiga hodi akatoka na uso mwingine kabisa, akanipokea begi, akaniletea maji ya kunawa. Nikajisemea moyoni, uzee umeanza kumchezea.

Kesho yake nikarudi Nakonde kwa uchochoro uleule, nikapanga foleni pamoja na madereva wa malori. Afisa wa Zambia alifunua kurasa za pasipoti yangu taratibu, akazirudia.

"Unaingia kutoka wapi?"

"Tanzania, bwana."

"Humu hujatoka Zambia. Bado uko ndani. Nitakuingizaje?"

Dereva mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Fundi, mwombe akusukume nje kidogo!" Foleni nzima ikacheka.

Nimelala Tunduma, nimekula Tunduma, tumbo langu shahidi. Kumbe kwa hesabu za wenye mihuri nilikuwa bado Kitwe. Inawezekanaje mtu afike mahali kabla hajaondoka alikokuwa? Swali hilo hunichekesha mpaka leo. Siku ile lilinitisha, maana viza ya zamani ilikuwa inakwisha jioni hiyohiyo. Wazee walisema kutangulia si kufika. Sikujua kwamba hata kufika kunaweza kusiwe kufika.

Afisa akanigongea muhuri wa kutoka, akaninyooshea kidole barabara kubwa. Upande wa Tanzania nikamkuta mama mmoja afisa, mpole wa sauti. Akaniuliza jana nililala wapi. Uongo ulinijia mdomoni ukiwa umeiva: gesti, Nakonde. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilishazichoka njia fupi.

"Kwa shangazi yangu, mama, hapahapa Tunduma. Nilipita uchochoroni."

Niliiona kazi yangu inaning'inia kwenye ncha ya kalamu yake.

"Nyie watoto wa Tunduma," akasema, "mnadhani mpaka ni ua wa kwenu." Akanikemea mpaka shati likaloa. Kisha akagonga muhuri wa kuingia.

Kabla ya kugeuza safari nilipita kwa shangazi. Nilizunguka mbele bila kuambiwa.

"Hodi!"

"Karibu! Umefika lini, mwanangu?"

"Sasa hivi, shangazi."

"Habari za Kitwe?"

Hakutabasamu hata kidogo. Alinipokea kama mtu ambaye hakunipakulia ugali jana yake, nami nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Jua lilikuwa limeinama nilipogongewa muhuri wa kutoka Tanzania, nikarudi dirishani Nakonde, safari hii kwa barabara. Yule afisa akaitazama mihuri, akagonga wake juu ya viza mpya, akaniambia kwa Kibemba, "Mwaiseni." Karibu. Miaka yote ya uchochoroni, hakuna aliyewahi kunikaribisha.

Basi mwanangu, ukienda kutafuta kazi ugenini, toka ukionekana, ili urudi ukitambulika. Usiidharau nchi ya watu kwa kuwa unakijua kichochoro chake, wala usiidharau yako kwa kuwa umezaliwa humo. Ukiulizwa ulikopita, sema ulikopita.

Mungu akufikishe salama, akurudishe salama. Na kila utakapopiga hodi, awepo wa kukuitikia.