Vitunguu Vilivyopima Bustani ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kupima tope la majitaka. Nikilisema hilo kwenye sherehe, mtu husogeza kiti. Tope likitolewa kwenye mabwawa hukaushwa, huozeshwa pamoja na majani, na kuwa udongo mweusi unaopendwa sana na mboga. Mimi hutafuta humo kemikali zinazoharibu chembe za urithi, ambazo madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Kipimo chetu ni kitunguu. Unakikalisha mdomoni mwa glasi yenye maji yaliyolowekewa udongo, kinatoa mizizi, kisha unakata ncha ya mzizi na kuitazama kwa hadubini. Seli zikigawanyika vizuri, unashukuru.

Safari moja udongo ulitoka kwa mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi juu ya Tengeru. Ndiye aliyenilea, na mchicha wa bustani yake ndio ulionisomesha. Alikuwa ametandaza udongo wa tope bustani nzima kabla sijajua. Nilipochota sampuli, aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, nimewalisha watu sumu?"

Nilimwambia asubiri majibu.

Seli zilionekana zimeharibika. Nilitazama tena na tena mpaka macho yakauma. Mwenzangu wa maabara akanishauri nitazame pia vitunguu vya kulinganishia, vilivyokaa kwenye maji matupu. Navyo vilikuwa vimeharibika vilevile! Mashine yetu ya kusafisha maji ilikuwa mbovu, hivyo kila glasi tuliijaza maji ya bomba ya mtaani kwetu, yale yenye floraidi nyingi, inayotia meno rangi. Mwenzangu akaangua kicheko, nikayaona meno yake, ya kahawia kama yangu. Watu wazima wawili tuliokulia Arusha, ushahidi tumeubeba kinywani, halafu tunasahau maji yetu yalivyo. Mgeni angeuliza kwanza. Sisi tulifungua bomba.

Tulianza upya kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la mwenzangu huko Kimandolu. Mara hii mizizi iliteremka minene na myeupe, na seli za udongo wa mama mkubwa hazikutofautiana na zile za maji matupu. Nililia palepale, ikabidi nifute lenzi. Mpaka leo namshukuru Mungu, na mwenzangu yule, na mvua ya masika.

Nilipanda Tengeru siku ileile. Mchicha ulikuwa umenifika kiunoni, umekomaa, umejaa mbegu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mbona hukuvuna?"

"Marahaba. Ningemuuzia nani, na wewe majibu hujaleta?"

Nilimwambia kipimo chetu hakikuona ubaya wowote. Alishusha pumzi ndefu, akakaa chini kwenye tuta. Niliingia jikoni kumletea maji, nikakuta sufuria ya mchicha mekoni.

"Na ule wa mekoni umetoka wapi?" nilimuuliza nikimpa maji.

"Hapohapo bustanini. Nimekula kila siku."

"Mama mkubwa! Kabla ya majibu?"

"Watoto wa watu sikuwapa tena," alisema. "Lakini walishakula wa mwanzo. Kama nimewapa ubaya, basi na mimi niwe nao."

Nilimkumbatia, nikaomba sahani.