Ukurasa wa Askari Jela

Mwaka ule vyama vingi viliporuhusiwa, nilikuwa nafundisha fasihi kwenye sekondari moja karibu na Mkunya. Redio ilisema sasa kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni. Sisi tuliokulia Newala tulisikiliza, tukaendelea kunong'ona.

Mnadani Masasi, katikati ya marundo ya mitumba, nilipata riwaya iliyochanika jalada. Ilihusu nchi ambayo mtu aliogopa hata kumsalimia jirani yake, na askari jela mmoja aliyemfungua pingu mama mfungwa kwa siri ili amnyonyeshe mwanawe. Nikawasomea kidato cha tatu. Kesho yake mkuu wa shule aliniita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amepeleka habari: eti nafundisha kuipinga serikali. Katibu wa chama wa kata alitaka kuniona Ijumaa, niende na kitabu.

Siku tatu zile nilikificha kitabu ndani ya gunia la mihogo mikavu, nikakitoa, nikakificha tena. Baiskeli ikipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, nilichungulia dirishani. Nilifikiria kukichoma, nikahofia kwamba kukosekana kwake ndiko kungekuwa ushahidi.

Ijumaa nikaenda. Katibu alikuwa mzee mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Aliuliza kama kitabu kinaitaja nchi yetu. Nikasema hakiitaji. Basi akaniamuru nisome. Nilisoma ukurasa wa yule askari jela.

Nilipomaliza aliinuka akafunga mlango. Nikajua nimekwisha.

"Wakati ule wa kuwahamishia watu vijijini," alisema, "nilitumwa kuchoma nyumba za waliokataa. Katika moja nikamkuta bibi mgonjwa, hawezi kuinuka. Nikawaambia wenzangu tuiache. Kwenye ripoti niliandika imeungua."

Hofu yangu haikupungua, iliongezeka. Huenda ananitega niseme neno baya juu ya serikali. Nikauliza tu kama yule bibi alipona.

"Hakupona. Aliishi miezi miwili, akafia kwake." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hata mke wangu sijamwambia, mwalimu."

Kisha akamwandikia mkuu wa shule kwamba amekikagua kitabu, ni hadithi, mwalimu aendelee. Nilirudi nimebeba siri ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kunifukuzisha kazi, na sikuwa na hakika kama hatajuta kunipa.

Hakujuta, au hakuonyesha. Jumatatu niliwasomea wanafunzi sura iliyofuata. Aliyenisemea sijamjua mpaka leo. Kwa miezi mingi, kila mwanafunzi alipoinua mkono kuuliza, nilitazama kwanza dirishani.